Sam Ntiro: Balozi aliyeendelea kuchora migomba ya Machame

Mwaka 2022, taasisi ya Nairobi Contemporary Art Institute iliandaa maonyesho ya pamoja ya wachoraji kumi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Maonyesho hayo yaliitwa Mwili, Akili na Roho, na yalikusanya kazi za kipindi cha nusu karne, kuanzia miaka ya 1950 hadi 2000. Mkubwa kwa umri miongoni mwa wachoraji hao hakuwapo, kwani alikuwa amefariki dunia mwaka 1993. Huyo ni Sam Joseph Ntiro wa Tanzania, mtu ambaye wengi nchini mwake, pale wanapomkumbuka, humkumbuka kwa vyeo alivyoshika kuliko kwa picha alizochora.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Anayetaka kuzielewa picha zake hana budi kwanza kukifahamu kihamba cha Mchagga: nyumba katikati ya migomba, mikahawa kivulini mwake, ng'ombe zizini, na mifereji ya maji iliyochimbwa kwa nguvu za wengi ikiteremka kutoka msituni. Huko jirani huonana kwa kazi kabla ya kuonana kwa maneno. Mandhari hiyo aliichora maisha yake yote.

Mwaka 1944 alifika Makerere, Kampala, chuo ambacho wakati huo kilipokea vijana kutoka nchi zote za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Uingereza. Julius Nyerere naye alikuwa akisoma hapo. Mafunzo ya uchoraji yalikuwa mikononi mwa Mwingereza Margaret Trowell, aliyeyaanzisha katika miaka ya 1930 kwa darasa dogo lililokutana barazani kwake. Trowell hakupenda wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Alikuwa akiwasimulia tukio kwa maneno, kisha akawaacha wachore walichokiona akilini. Kwa kijana aliyelelewa katika hadithi na ngoma za mlimani, mafunzo ya namna hiyo yalimkuta tayari. Baada ya kuhitimu alibaki chuoni kama mwalimu, sawa na Mkenya Gregory Maloba, mchongaji ambaye baadaye alitengeneza sanamu ya uhuru wa Uganda iliyoko Kampala.

Kati ya 1952 na 1955 Ntiro alisoma London katika shule ya sanaa ya Slade, ambako Trowell mwenyewe alisoma kabla yake. Alipokuwa huko, mwaka 1953, kitabu chake cha Kiswahili, Desturi za Wachagga, kilichapishwa Nairobi. Jambo hili linastahili kuangaliwa kwa makini. Kijana anatumwa katika mojawapo ya shule zenye heshima kubwa za sanaa katika himaya, na wakati uleule anaonekana kupitia maandishi akieleza jinsi watu wa kwao wanavyooa na wanavyoishi.

Aliporejea Makerere, waliotarajia kumwona mtu mpya hawakumwona. Picha zake zilibaki kama zilivyokuwa: mtazamaji ni kama amesimama kilima cha pili, akitazama watu wadogo wengi wakichuma kahawa, wakinywesha ng'ombe au wakienda sokoni, mara nyingi bila sura za kuwatofautisha. Majani ya migomba hujirudia safu kwa safu. Hakuna shujaa aliyewekwa mbele ya wenzake.

Ukosoaji haukukosekana. Wapo waliosema kwamba alichora kama mtoto, na kwamba miaka mitatu ya London ilimpita bure. Trowell alipostaafu mwaka 1958, nafasi yake ilichukuliwa na Cecil Todd, aliyetaka wanafunzi wajifunze kikamilifu kanuni za rangi na historia ya sanaa ya Ulaya. Katika mazingira hayo mapya, mtindo wa Ntiro ulionekana umepitwa na wakati.

Upo ukosoaji mwingine, na huu ni mzito zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, jirani tu na Kilimanjaro, wakulima wa Meru waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao, na malalamiko yao yakafikishwa hadi Umoja wa Mataifa. Katika vijiji vya Ntiro hakuna polisi wala mlowezi, na hakuna nyumba inayobomolewa. Je, alifumba macho? Mwandishi wa makala haya haoni hivyo. Kijiji kisicho na bwana, ambamo watu wanafanya kazi yao wenyewe kwa mpango wao wenyewe, kilikuwa pia ni dai, hasa kilipochorwa na mtu aliyetawaliwa. Hata hivyo, anayesema kwamba dai hilo lilitolewa kwa sauti ya chini mno hana makosa.

Mwaka 1958 Ntiro alimwoa Sarah Nyendwoha wa Bunyoro, Uganda, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata shahada ya chuo kikuu, aliyoipata Oxford mwaka 1954. Bi. Sarah alikuwa na msimamo wake. Alipokuwa mwalimu alikataa kupokea mshahara, akipinga wanawake kulipwa chini ya wanaume kwa kazi ileile.

Kisha nchi ikamhitaji Ntiro kwa kazi nyingine. Tanganyika ilipopata uhuru mwezi Desemba 1961, alipelekwa London kuwa balozi wake wa kwanza nchini Uingereza, wadhifa alioushika hadi 1964. Baadaye alirudi nyumbani akawa Kamishna wa Utamaduni, kisha akafundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Taifa changa lilikuwa na wasomi wachache, na mwenye elimu hakuachiwa nafasi ya kuwa mchoraji pekee. Ntiro aliendelea kuchora katikati ya majukumu ya ofisi.

Kufikia wakati huo, picha zake zilikuwa zimeanza kuondoka. Mwaka 1960, Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York lilipata picha yake ya 1956 inayoonyesha wanaume wakipeleka mbege kwa bibi harusi wakati wa usiku. Nyingine zilinunuliwa na wageni.

Katika maonyesho ya Nairobi, jina la Ntiro liliorodheshwa pamoja na la Elimo Njau, mwana wa Marangu, upande mwingine wa mlima uleule. Njau, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka tisa, naye alisoma Makerere, kisha akaanzisha jumba la sanaa la Kibo huko Marangu mwaka 1964 na Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka uliofuata. Vijana wa sanaa waliotembelea maonyesho ya 2022 waliweza kuzitazama kazi za wana wawili wa Kilimanjaro chini ya paa moja. Kutoka hapo hadi Machame ni safari ya siku moja kwa basi, kupitia Namanga. Wanaume wa mbege wako New York.