Munganga Denis Burkitt: jicho moja, ramani, na damu ya miguu

Leo tunapenda kuwakumbusha maisha ya munganga mmoja mkristo aliyefanya kazi karibu na sisi, ng'ambo ya ziwa Albert, katika Uganda. Jina lake linajulikana katika shule zote za uganga duniani, lakini wengi wetu hatujui kwamba rafiki yake wa safari alikuwa jirani ya Ituri.

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland. Alipokuwa na miaka 11, jiwe lililorushwa na watoto lilimpiga usoni na akapoteza jicho la kuume. Alipofika chuo kikuu cha Dublin alianza masomo ya uinjinia. Huko alijiunga na kikundi kidogo cha wanafunzi waliokutana kuomba, akampa Yesu maisha yake, akaacha uinjinia na kujifunza uganga. Alimaliza mwaka 1935, akawa munganga wa kupasua.

Alitaka kuja Afrika, lakini serikali ya Uingereza ilimkataa mara ya kwanza: munganga wa kupasua mwenye jicho moja atafaa nini? Vita vya pili vya dunia vikamleta kama askari munganga hapa Afrika mashariki, naye akapenda bara hili. Mwaka 1946 alipokelewa Uganda, akatumwa Lira, kaskazini ya nchi, na baadaye akapelekwa hospitali kubwa ya Mulago, Kampala.

Kule Lira tayari alionyesha namna yake ya kufanya kazi. Wanaume wengi walikuja na mabusha. Alipasua kama wengine, lakini aliuliza pia kila mgonjwa anatoka wapi. Akaona kwamba upande wa mashariki wa wilaya ile ugonjwa ni mwingi, na upande wa magharibi ni kidogo. Hakuwa na mashine kubwa. Alikuwa na kalamu, ramani na uvumilivu wa kuuliza.

Mwaka 1957 munganga mwenzake, Hugh Trowell, alimwita kuona mtoto mwenye uvimbe wa ajabu katika mataya, pande zote. Muda kidogo baadaye, huko Jinja, Burkitt akaona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Akafungua madaftari ya hospitali, akaona kwamba watoto wengi walikuwa wamekufa kwa kanseri hiyo bila mtu kuunganisha habari zao. Akaandika juu yake mwaka 1958. Leo kanseri hiyo inaitwa kwa jina lake.

Hapo ndipo jirani yetu anaingia. Ted Williams alikuwa munganga wa misheni ya AIM katika hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, ng'ambo ya mpaka wetu wa Aru. Ni misheni ileile iliyofika upande wa Mahagi mwaka 1912, na ambayo CECA 20 ilizaliwa kwake. Oktoba 1961, Burkitt, Williams na munganga wa tatu, Cliff Nelson, waliondoka Kampala na motokari ya zamani. Kwa majuma kumi walipita Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia, Msumbiji mpaka Afrika Kusini, karibu kilomita 16,000, wakisimama katika hospitali zaidi ya 50, nyingi zikiwa za misheni. Kila mahali walionyesha picha na kuuliza: je, mmeona mtoto wa namna hii?

Majibu yaliwekwa katika ramani. Ugonjwa ulikuwa mahali pa joto na mvua, lakini si katika milima ya baridi. Sisi wa Ituri tunaelewa jambo hilo vizuri: anayeshuka kutoka vilima vya juu mpaka Kasenyi anajua kwamba mbu wa ziwani si sawa na mbu wa milimani. Kweli, baadaye wenye elimu walihakikisha kwamba malaria ya mara kwa mara inashiriki katika kanseri hiyo. Na mwaka 1964, katika uvimbe uliotumwa kwa ndege kutoka Kampala mpaka London, Anthony Epstein na wenzake walivumbua virusi. Ilikuwa mara ya kwanza virusi kuonekana katika kanseri ya binadamu. Burkitt naye alijaribu dawa, na watoto wengine waliokuwa wanangojea kufa wakapona.

Aliporudi Uingereza mwaka 1966, alianza swali lingine, na ndilo linalogusa nyumba zetu leo: mishipa ya damu na kuganda kwa damu.

Moyo unasukuma damu mpaka miguuni, lakini kurudi juu ni kazi ngumu. Nyama za mguu zinakamua mishipa tunapotembea, na ndani ya mishipa kuna milango midogo inayozuia damu isirudi chini. Milango ikilegea, mishipa inavimba na kujipinda. Damu ikikaa bila kutembea, kama kwa mtu aliyelala siku nyingi baada ya kupasuliwa, inaweza kuganda. Kipande kikikatika kinafika mapafuni, na mtu anaweza kufa ghafula.

Huko Uingereza wapasuaji waliogopa sana jambo hilo. Burkitt alikumbuka kwamba katika Uganda hakuliona ila mara chache. Akaandikia hospitali nyingi za Afrika na Asia, akiuliza wanaona mara ngapi mishipa iliyovimba na damu iliyoganda. Mwaka 1972 alitoa mawazo yake: chakula cha Wazungu kimeondolewa nyuzinyuzi, choo kinakuwa kigumu, mtu anajikaza kila siku, na nguvu hiyo ya tumboni inasukuma damu na kuharibu milango ya mishipa ya miguu. Kwa watu wa vijijini wanaokula nafaka nzima, maharagi, mihogo na majani, chakula kinapita upesi na choo ni laini.

Tuseme ukweli: si yote yalihakikishwa. Waliomfuata waliona kwamba uzee, mimba, unene, jamaa wenye ugonjwa huo na kulala muda mrefu vina nguvu sana katika mambo haya. Tena, pahali pasipo mashine ya kupima, mgonjwa mwingi hahesabiwi. Lakini mafundisho yake kwamba nyuzinyuzi zinafaa kwa afya yamekubaliwa duniani pote. Alifariki tarehe 23 Machi 1993.

Kwa nini tunawaandikia haya? Kwa sababu katika Bunia mkate mweupe na sukari vinaonekana heshima, na sombe, lengalenga na maharagi vinaonekana umaskini. Mtu aliyesifiwa na ulimwengu mzima alijifunza hekima ya chakula kutoka kwa mama zetu wa vijijini. Tusiitupe.

Na kwa sababu nyingine nzito zaidi. Mguu mmoja wa mama aliyetoka kuzaa ukivimba ghafula na kuuma, wengine wanasema amekanyaga dawa ya adui. Wanatafuta mlozi, jamaa zinagawanyika, na siku zinapita. Inaweza kuwa damu iliyoganda, na kila siku ina hatari. Akianza kukosa pumzi au kuumwa kifua, hatari imekwisha kuwa kubwa. Wachungaji, wazee na mama wa makanisa, tunawasihi: ombeni pamoja naye, na saa ileile mpelekeni hospitali. Wala msikande mguu ule.

Burkitt alikuwa mtu wa maombi, na hakuona kwamba kuuliza, kuhesabu na kuchora ramani kunapunguza imani yake. Infirmye wetu wa kituo kidogo, mwenye daftari moja na kalamu, anaweza kufanya vilevile: aandike mgonjwa ametoka wapi, anakula nini, ugonjwa ulianza lini. Mungu ambariki katika kazi hiyo.