Alex Haley: Msimulizi wa Ukoo katika Mizani ya Ukweli

Alexander Murray Palmer Haley alizaliwa tarehe 11 Agosti 1921 mjini Ithaca, jimbo la New York, Marekani. Baba yake, Simon, alikuwa msomi wa kilimo, na mama yake, Bertha, mwalimu. Sehemu kubwa ya utoto wake ilipita Henning, mji mdogo wa Tennessee, nyumbani kwa nyanya yake, Cynthia Palmer. Nyanya huyo na dada zake walizoea kuketi barazani jioni wakisimulia habari za wahenga wao: Mwafrika aliyetekwa alipokwenda kutafuta mti wa kuchongea ngoma, binti yake Kizzy, na mjukuu aliyekuwa hodari wa kupiganisha majogoo. Masimulizi hayo ndiyo yaliyokuwa shule ya kwanza ya Haley.

Mnamo mwaka wa 1939 alijiunga na kikosi cha Walinzi wa Pwani. Enzi hizo mabaharia weusi waliachiwa kazi za jikoni na za kuandaa meza, na huko ndiko alikoanzia. Katika safari ndefu za Pasifiki aliwaandikia wenzake barua za mapenzi, kisha akajaribu kutunga hadithi, ambazo majarida yalizikataa kwa miaka mingi. Hakufa moyo. Alipostaafu mwaka wa 1959 alikuwa mwanahabari mwenye cheo katika kikosi hicho. Jina lake lilivuma mwaka wa 1965 ilipochapishwa tawasifu ya Malcolm X, aliyoiandika kutokana na mahojiano marefu na kiongozi huyo, aliyeuawa Februari mwaka huo huo.

Baadaye Haley alijitosa katika utafiti wa ukoo wa mama yake. Mwaka wa 1967 alifika kijiji cha Juffure, nchini Gambia, ambako mzee Kebba Kanga Fofana, aliyetambulishwa kwake kama yeli, yaani mtunzaji wa kumbukumbu za koo, alimsimulia habari za ukoo wa Kinte na kijana Kunta aliyetoweka. Haley aliioanisha simulizi hiyo na rekodi za merikebu Lord Ligonier, iliyotia nanga Annapolis mwaka wa 1767. Zao la juhudi hizo ni riwaya Roots, iliyotoka mwaka wa 1976.

Mwaka uliofuata riwaya hiyo iligeuzwa kuwa filamu ya mfululizo. Ilionyeshwa katika runinga ya ABC kwa usiku nane mfululizo, tarehe 23 hadi 30 Januari 1977, LeVar Burton akiigiza Kunta Kinte kijana. Inakadiriwa kuwa Wamarekani wapatao milioni 100 waliitazama sehemu ya mwisho. Kwa wengi wao, mtumwa alionekana kwa mara ya kwanza runingani akiwa mtu mwenye jina, wazazi, lugha na kwao. Mwaka huo huo Haley alipata tuzo maalumu ya Pulitzer.

Hata hivyo, sifa hizo zilifuatwa na dhoruba. Harold Courlander alimshtaki kwa kunakili vifungu vya riwaya yake The African, na mwaka wa 1978 Haley alikubali kumlipa dola 650,000. Mwaka wa 1981 wataalamu wa nasaba Gary Mills na Elizabeth Shown Mills walionyesha kuwa mtumwa Toby, aliyedaiwa kuwa Kunta, alikuwa ameandikwa katika hati za Virginia kabla ya merikebu hiyo kuwasili. Ushahidi wa Fofana nao ulitiliwa shaka. Haley alijitetea kwamba kazi yake ilichanganya ukweli na ubunifu.

Alifariki tarehe 10 Februari 1992 mjini Seattle, akazikwa Henning. Riwaya yake Queen, kuhusu nyanya yake mzaa baba, ilikamilishwa na David Stevens, na mwaka wa 1993 ikawa filamu ya runinga.

Udhaifu wa Roots haukuwa katika kubuni, kwani riwaya ya kihistoria huishi kwa ubunifu. Ulikuwa katika kuwasilisha kilichobuniwa kana kwamba ni nasaba iliyothibitishwa. Kasoro hiyo ilimpunguzia Haley heshima ya mtafiti; lakini haikuufuta utumwa alioufikisha sebuleni mwa mamilioni ya watu, wala hamu aliyoiamsha kwa wazawa wa watumwa ya kuwatafuta wahenga wao.