Imamu Shamil: Shujaa wa Dagestan na machungu ya baba

SIFA zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, tunapowakumbuka mashujaa wa Kiislamu tuna kawaida ya kuvihesabu vita vyao na kuzisahau nyumba zao. Hatuulizi mke alilala vipi usiku wa vita, wala mtoto alikua vipi bila ya kumwona baba yake. Leo, Insha Allah, tunamkumbuka Imamu Shamil wa Dagestan, aliyepambana na dola ya Urusi kwa miaka 25. Tutavipita vita vyake kwa haraka, na tutasimama zaidi mlangoni pa nyumba yake.

Shamil alizaliwa mwaka 1797 katika kijiji cha Gimry, kwenye majabali ya Dagestan, upande wa mashariki wa milima ya Kaukazi. Kabila lake ni Waavari. Jina alilopewa kwanza ni Ali, lakini kwa kuwa alikuwa mtoto wa kuuguaugua, wazazi wake walimbadilisha jina kama ilivyokuwa mila ya huko, akaitwa Shamil. Afya ikamrudia, akakua kijana mwenye nguvu na mwenye kupenda elimu. Alisoma Qur'ani, lugha ya Kiarabu na fiq-hi, na akaingia katika tariqa ya Naqshbandiyya mikononi mwa Sheikh Jamaluddin wa Ghazi-Ghumuq. Kwa hiyo kabla ya kuwa mpiganaji alikuwa mwanafunzi wa dini, na kitabu hakikumtoka mkononi hata katika siku zake za mwisho.

Wakati huo majeshi ya Urusi yalikuwa yakisonga mbele katika milima ile, kijiji baada ya kijiji. Rafiki yake wa utotoni, Ghazi Muhammad, ndiye aliyekuwa Imamu wa kwanza wa upinzani, naye aliuawa Gimry mwaka 1832. Shamil alitoka katika mapigano hayo akiwa na majeraha ambayo wengi wasingeyapona. Imamu wa pili, Hamzat, aliuawa mwaka 1834, na hapo Shamil akachaguliwa kushika nafasi hiyo. Aliyaunganisha makabila ya Dagestan na Chechnya, akaweka manaibu, makadhi na baitulmali, akawa na dola yenye utawala wa sheria.

Rehani ya Akhulgo

Mwaka 1839 Warusi walimzingira katika ngome ya Akhulgo. Mzingo huo ulichukua karibu siku 80. Mizinga ilipiga mchana na usiku, maji yakawa ya shida, maiti wakakosa wa kuwazika. Jenerali wa Kirusi alitaka jambo moja kabla ya mazungumzo yoyote: Shamil amtoe mwanawe mkubwa, Jamaluddin, awe rehani. Shamil alikataa. Hali ilipozidi kuwa mbaya, na waliokuwa naye wakaona kuwa hakuna njia nyingine ya kuokoa roho zilizobakia, akakubali. Mtoto mdogo akashuka mlimani akiongozwa kwenda kwa maadui wa baba yake.

Ndugu zangu, kila mwenye mtoto na ajiweke hapo kwa dakika moja.

Mazungumzo yale hayakuzaa kitu. Ngome ilishambuliwa na kutekwa, na Shamil akapenya usiku pamoja na wachache wa watu wake. Katika balaa hilo alimpoteza mkewe Jawharat na mtoto wao mchanga, Said. Akabaki na mkewe Fatimat, aliyekuwa mjamzito, na mtoto wao mdogo aliyepewa jina la yule Imamu wa kwanza, Ghazi Muhammad. Jamaluddin yeye alikwisha kupelekwa mbali, huko St Petersburg.

Miaka 16 ya kusubiri

Mfalme wa Urusi, Tsar Nicholas I, alimlea Jamaluddin katika shule za watoto wa wakubwa. Kijana akajifunza lugha na desturi zao, akawa ofisa katika jeshi lao la wapanda farasi. Huku nyuma baba yake alishinda vita vingi na kushindwa vingine, lakini hakuacha kumtafuta mwanawe.

Mwaka 1854 wapiganaji wa Shamil walivamia Tsinandali, katika nchi ya Georgia, wakawateka wanawake wawili wa kifalme, Anna Chavchavadze na Varvara Orbeliani, pamoja na watoto na watumishi wao. Waliwekwa nyumbani kwa Imamu huko Vedeno kwa muda wa miezi minane. Katika nyumba hiyo aliwahudumia kwa upole Shuanat, mke wa Shamil, Muarmenia aliyekuwa mateka zamani kisha akasilimu. Huenda aliyajua machungu yao kuliko wengine.

Wapo miongoni mwa watu wa Shamil waliotaka fidia kubwa mno ya fedha. Yeye alichokitaka hasa ni mwanawe. Tsar alimwachia Jamaluddin achague mwenyewe, naye akakubali kurudi. Mwezi Machi 1855, ukingoni mwa mto Michik, mateka walibadilishwa kwa Jamaluddin na rubo 40,000. Kijana alivua sare ya Kirusi na kuvaa nguo za milimani, kisha akapelekwa kwa baba yake. Shamil, ambaye askari wake walikuwa wamemzoea kwa uso mkavu wa vita, alimkumbatia na kulia mbele ya watu wote.

Hapo tunamkumbuka Nabii Yaaqub (A.S.), ambaye macho yake yalipofuka kwa huzuni ya Yusuf. Lakini Yaaqub alipomwona tena mwanawe alimpata mzima, na nyumba yote ikatulia. Shamil alirudishiwa mtoto aliyekuwa ameisahau lugha ya mama yake. Jamaluddin alimshauri baba yake afanye amani na Urusi, na ushauri huo haukupokewa. Hakuzoea maisha ya milimani, na mwaka 1858 akafariki kwa kifua kikuu. Alipokuwa akiugua, Shamil aliomba daktari kutoka kwa Warusi wale wale aliokuwa akipigana nao. Daktari alikuja, ila ugonjwa ulikuwa umeshakwenda mbali.

Mwisho wa safari

Mwaka uliofuata, 1859, Shamil alizingirwa mlimani Gunib akiwa na watu kama 400 tu, mbele ya maelfu ya askari. Ndani ya kijiji kile walikuwemo wanawake na watoto, na miongoni mwao watu wa nyumba yake. Alishuka na kujisalimisha. Wapo wanaomlaumu kwa uamuzi huo hadi leo. Sisi tunaona kuwa mtu aliyekwishapitia Akhulgo aliijua bei ya uamuzi wa aina nyingine.

Alikaa na familia yake katika mji wa Kaluga, Urusi, hadi mwaka 1868. Baridi ya huko iliwadhuru watu wake, na kadhaa walifia ugenini. Akiwa huko alisikia kuwa Amiri Abdulqadir wa Algeria amewahami Wakristo wa Damascus katika fitina ya mwaka 1860, akamwandikia barua ya kumpongeza. Mwaka 1869 aliruhusiwa kwenda kuhiji. Alifariki Madina mwezi Februari 1871, akazikwa Baqii. Katika wanawe, Ghazi Muhammad alipigana upande wa dola ya Uthmaniyya katika vita vya mwaka 1877, na Muhammad Shafi akafikia cheo cha jenerali katika jeshi la Urusi.

Ndugu Waislamu, tunajifunza nini? Watoto ni amana, na miaka ya malezi ikishapita hairudi kwa fidia yoyote. Shamil alinyang'anywa mwanawe kwa mizinga. Wangapi kati yetu tumewatoa wa kwetu kwa hiari, tukawakabidhi kwa wengine kwa sababu ya shughuli na riziki, kisha siku tunapowaita tunashangaa kuwa hawaijui lugha yetu wala dini yetu? Tuwalee wangali mikononi mwetu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Shamil na watu wa nyumba yake, awakutanishe wote waliotenganishwa na vita, na atuhifadhie watoto wetu. Amin. Wallahu a'lam.