Sir Albert Howard: Bwana Shamba Aliyefundishwa na Wadudu

Miongoni mwa wataalamu waliotoka Ulaya kwenda kuwafundisha kilimo wakulima wa makoloni, yuko mmoja anayekumbukwa zaidi kwa kukubali kufundishwa. Huyo ni Sir Albert Howard, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1873 katika nyumba ya wakulima huko Shropshire.

Baada ya masomo ya Cambridge, Howard alipelekwa mwaka 1899 katika visiwa vya Karibi kuchunguza maradhi ya mimea yaletwayo na kuvu. Kazi hiyo ilimsononesha. Alitakiwa kuwashauri wakulima wa miwa na kakao, ilhali yeye mwenyewe hakuwa na shamba la kuujaribia ushauri wake.

Mwaka 1905 alihamia Pusa, nchini India, na huko akapewa ekari 75. Akatazama mashamba ya wanavijiji wa jirani, akaona kuwa mazao yao yalikuwa na afya njema bila dawa za sumu. Tangu hapo wakulima hao, pamoja na wadudu waharibifu, wakawa walimu wake. Mmea uliposhambuliwa hakukimbilia kunyunyiza dawa. Aliuliza kwanza iwapo mbegu ile iliufaa udongo ule, iwapo hewa ilifika mizizini, na iwapo ardhi ilikuwa imelishwa. Kwake yeye mdudu hakuwa adui tu, bali mjumbe aliyeleta habari ya kosa la mkulima.

Kutoka mwaka 1924 hadi 1931, akiwa mkuu wa kituo cha utafiti cha Indore, alikamilisha njia yake ya kutengeneza mboji. Mkewe Gabrielle, naye mtaalamu wa mimea, alikuwa mwenzake kazini mpaka alipofariki mwaka 1930. Majani makavu na mabaki ya mazao yalichanganywa na samadi, udongo uliolowa mkojo wa ng'ombe, na majivu. Mchanganyiko huo ulinyunyiziwa maji na kupinduliwa mara kadhaa, na baada ya miezi mitatu hivi ukawa mboji.

Njia hiyo ilifika Afrika ya Mashariki mapema. Mwezi Februari 1933, Howard akiwa safarini Kenya, alishuhudia shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kiambu, likianza kuitumia.

Hata hivyo hakukosa wapinzani. Wanasayansi wengi walimwona kuwa anatia chumvi, hasa alipochapisha mwaka 1940 kitabu chake kikuu, An Agricultural Testament, akidai kuwa afya ya udongo, mmea, mnyama na mwanadamu ni kitu kimoja. Aliaga dunia mwezi Oktoba 1947, na mabishano hayakwisha.

Je, ukweli ulikuwa wapi? Elimu ya leo imemthibitisha kwa sehemu kubwa. Udongo wenye mboji hujaa bakteria, kuvu na minyoo. Baadhi ya viumbe hao huwanyang'anya vijidudu vya maradhi chakula na nafasi kandokando ya mizizi. Wengine hutoa kemikali za kuwaua, na kuvu aitwaye trikoderma huwala kuvu wenziwe waharibifu. Wapo pia bakteria wanaouamsha mmea ujikinge wenyewe kabla haujashambuliwa. Ni mfano wa ngome ambayo adui huifikia akakuta kila lindo limekwisha kushikwa.

Lakini alipodhani kuwa mboji ingetosha kuyazuia takriban maradhi yote, alivuka mpaka. Yako magonjwa, hasa yale yapeperushwayo na upepo au kubebwa na wadudu kutoka mbali, yanayoweza kuuangusha hata mmea ulioshiba. Kwa hayo, mbegu safi, aina zinazostahimili na kubadilisha mazao shambani bado ni lazima.

Ndugu msomaji, mkulima anayechoma moto mabaki ya shamba lake kila msimu huunguza chakula cha walinzi wake mwenyewe, kisha akaenda dukani kununua sumu ya kufanya kazi ambayo wangeifanya bure. Somo hilo ndilo Howard alilolipata kwa wanavijiji wa Pusa.