Mtoro bin Mwinyi Bakari na Somo la Habari

Somo la vyombo vya habari hudhaniwa na wengi kuwa ni la vidato vya juu na vyuo. Sisi twaona kwamba msingi wake hauna budi kuwekwa katika shule ya msingi, kwani mtoto akishajua kusoma huelekea kuamini kila kilichopigwa chapa. Ili kulidhihirisha jambo hili, tumechagua maisha ya mtu wa Bagamoyo ambaye maneno yake yalisomwa kwa miaka mingi chini ya jina la mwingine.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa yapata mwaka 1869 huko Dunda, karibu na Bagamoyo. Zama hizo Bagamoyo ulikuwa mji wa misafara, na wapagazi walishuka kutoka bara na pembe za ndovu. Mtoro alisoma Kurani na elimu ya dini, akawa mwalimu. Wajerumani walipoitawala pwani, alifanya kazi ya kukusanya kodi ya nyumba. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki, ambako maofisa walijifunza lugha kabla ya kuja kututawala.

Hapo alikuwako mtaalamu wa Kijerumani, Carl Velten, aliyekusanya maandishi ya Waswahili. Mwaka 1901 Velten alitoa kitabu cha Safari za Wasuaheli, ambamo Mtoro alisimulia safari yake ya Udoe na Uzigua. Mwaka 1903 kikafuata Desturi za Wasuaheli, kinachoeleza uzazi, jando, ndoa, ngoma, utumwa na sheria. Sehemu kubwa ilikuwa kazi ya Mtoro, ingawa Waswahili wengine nao walichangia. Lakini jina lililotangulia kitabuni lilikuwa la Velten.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata walisafiri kuja Afrika Mashariki, lakini serikali ya kikoloni ilikataa waingie nchini pamoja. Wakarudi Ujerumani. Baadaye alifundisha Hamburg, kisha akaishi kwa kutoa mihadhara kuhusu Afrika Mashariki. Alifariki Berlin mwaka 1927, bila kuiona tena Bagamoyo.

Mwaka 1981 kitabu cha Desturi kilitolewa kwa Kiingereza kwa tafsiri ya J. W. T. Allen, na safari hii jina la Mtoro likawekwa mbele. Ilikuwa imepita miaka 78. Mwaka 2009 kitabu kizima juu ya maisha yake kilichapishwa Dar es Salaam.

Je, mwalimu wa darasa la tano atanufaika vipi na habari hizi? Zinamfundisha kwamba kila andiko limepita katika mikono kadhaa. Yuko aliyesema, yuko aliyechagua na kupanga, yuko aliyelipia uchapaji, na yuko msomaji aliyekusudiwa. Kitabu cha Desturi kilieleza maisha yetu kwa Kiswahili chetu, lakini wasomaji wake wa kwanza walikuwa wageni.

Twapendekeza zoezi lifuatalo. Mwanafunzi mmoja amwulize mzee wa kijijini habari za ngoma au za uvuvi. Wa pili ayaandike maelezo yote. Wa tatu ayafupishe yatoshe nusu ukurasa, kama afanyavyo mhariri wa gazeti. Kisha muhtasari usomwe mbele ya mzee mwenyewe, naye aonyeshe lililoachwa na lililopotoshwa. Mwisho darasa lijadiliane ni jina la nani liandikwe juu, na kwa nini. Mwalimu asiharakishe kutoa jibu. Mabishano hayo ndiyo somo lenyewe. Baada ya hapo, wanafunzi wapewe ukurasa wa gazeti au wasikilize taarifa ya redio, wayaulize maswali yale yale.

Zoezi hili halihitaji vifaa vya gharama. Lahitaji mwalimu anayekubali kuulizwa, hata juu ya kitabu cha kiada alichokishika mkononi. Mtoto aliyezoea kuuliza ni nani aliyesema hatadanganywa kwa urahisi atakapokua. Na yeye mwenyewe akishika kalamu, hatasahau kumtaja aliyempa maneno.