Al-Khwarizmi na hesabu ya kulinda haki za warithi

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, Ijumaa hii tunamkumbuka mwanachuoni ambaye hutajwa kila penye hesabu, ilhali wengi wetu hatuijui haja ya Waislamu aliyoitumikia. Naye ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi.

Alizaliwa yapata mwaka 780 Miladia. Nisba yake yatokana na Khwarizm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral, ambayo leo imo katika Uzbekistan na Turkmenistan. Alifanya kazi Baghdad, katika Bait al-Hikma, zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833. Aliandika juu ya nyota, jiografia na tarakimu za Kihindi. Lakini kilichomtukuza zaidi ni kitabu cha hesabu za al-jabr na al-muqabala.

Al-jabr ni kurejesha kilichopungua upande mmoja wa mlinganyo, na kukiongeza upande wa pili pia. Al-muqabala, lenye mzizi mmoja na neno letu mkabala, ni kuondoa pande zote mbili vilivyo sawa. Hakutumia herufi wala alama. Kisichojulikana alikiita "kitu".

Kwa nini alijishughulisha hivyo? Sehemu kubwa ya kitabu hicho yahusu wasia na mirathi. Qur'ani Tukufu, katika Suratun Nisaa, imeweka mafungu ya warithi baada ya kutolewa wasia na deni. Penye deni na wasia kwa pamoja, fungu moja hulitegemea jingine, na kukisia ni kudhulumu.

Tutazame mfano mmoja wa kitabu hicho. Mtu amefariki, ameacha wana wawili na dirhamu 10 taslimu. Mwana mmoja anadaiwa na marehemu dirhamu 10 nyingine, wala hana cha kulipa ila kukatwa fungu lake. Marehemu ameusia thuluthi ya mali apewe mtu baki. Hapa hatujui mambo matatu: fungu la mtu baki, fungu la kila mwana, na kiasi cha deni kinachoingia katika mali.

Al-Khwarizmi akakiita kiasi hicho cha deni "kitu". Basi mali yote ni 10 na kitu. Ikitoka thuluthi ya wasia, kila mwana hupata thuluthi moja, yaani 3 na thuluthi, pamoja na thuluthi ya kitu. Na fungu la mdaiwa ndilo hicho kitu chenyewe. Ukiondoa thuluthi ya kitu pande zote mbili, thuluthi mbili za kitu zinakuwa sawa na 3 na thuluthi. Kwa hiyo kitu ni 5. Mtu baki apewe 5, mwana asiyedaiwa 5, na 5 za mdaiwa zimo katika deni lake. Visivyojulikana vitatu vimekuwa kimoja, na hakuna aliyepunjwa.

Al-Khwarizmi alifariki yapata mwaka 850. Baada yake Abu Kamil wa Misri aliiendeleza njia hiyo kwa visivyojulikana vingi. Mwaka 1145 Robert of Chester alikifasiri kitabu kwa Kilatini, lakini sehemu ya mirathi haikufasiriwa. Ulaya ikapata neno aljebra kutokana na al-jabr, na neno algoritimu kutokana na jina lake.

Ndugu wazazi, mwana anapolalamika kwamba kuondoa kisichojulikana katika milinganyo hakuna faida, tumweleze kwamba elimu hii ililelewa katika kulinda haki za warithi. Mirathi mingi hugawanywa kwa kukadiria, na wanaopunjwa aghalabu ni wajane na mayatima. Tuwasomeshe watoto wetu faraidhi na hesabu pamoja, kwani kugawa mirathi ni amana tutakayoulizwa.

Wabillahi tawfiq.