Musa Mzuri: Kijana wa Surat aliyejifunza kazi katika njia ya Karagwe

Karibu kila tangazo la kazi siku hizi linamtaka mwombaji awe na uzoefu wa miaka miwili, mitatu au mitano. Mhitimu aliyetoka chuoni jana uzoefu huo ataupata wapi? Ndiyo maana vijana wa Karagwe na Kyerwa wanatazama nje. Wapo wanaovuka mto Kagera pale Murongo kuingia Uganda, na wapo ambao mawazo yao yote yako Dubai na Muscat. Wazazi nao wamegawanyika. Kuna anayeamini kwamba kijana akienda ugenini amepotea, na kuna aliye tayari kuuza shamba la kahawa ili mwanawe aende popote, mradi ni nje.

Kabla hatujaendelea kubishana, ni vyema tumtazame Mwislamu mmoja ambaye yeye alitoka nje akaja kutafuta uzoefu huku kwetu, zamani za ufalme wa Karagwe. Historia inamjua kwa jina la Musa Mzuri.

Musa alikuwa Khoja wa madhehebu ya Ismailia, mwenyeji wa Surat, India. Kwa mujibu wa kumbukumbu zilizoandikwa na wasafiri wa karne ya 19, alianza safari za bara kwenye mwaka 1825 au karibu na hapo, akiwa bado kijana. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuingia peke yake. Alifuatana na kaka yake mkubwa, Sayyan, na wawili hao wakawa miongoni mwa wafanyabiashara wa mwanzo kutoka pwani kufika Unyamwezi. Kwa lugha ya leo tungesema kijana huyu alikuwa katika mafunzo kwa vitendo, na msimamizi wake ni ndugu yake wa damu.

Mafunzo yenyewe hayakuwa mchezo. Kutoka pwani hadi Unyamwezi ilikuwa safari ya miezi kwa miguu, mizigo ikiwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Mfanyabiashara alipaswa kujua shanga za rangi gani zinapendwa wapi, kwani shanga iliyogombewa katika nchi moja ilikataliwa kabisa katika nchi ya jirani, na aliyekosea aliweza kulala njaa akiwa na mizigo tele. Alipaswa kujua kiasi cha hongo ya kila mtemi, maana zama hizo hongo ilikuwa ushuru wa njia unaojulikana. Alipaswa pia kujua kupima pembe ya ndovu kwa frasila na kukaa na watu wa kila kabila. Elimu hiyo haikuwa katika kitabu chochote. Iliokotwa njiani, nyuma ya mtu aliyetangulia.

Baada ya miaka mingi mwanafunzi akawa mwalimu. Musa alijenga makazi makubwa Kaze, eneo la Tabora ya leo, nyumba yenye malango marefu na nyua pana mfano wa kijiji. Kutoka hapo akasukuma biashara kaskazini hadi Karagwe, ambako kituo cha Kafuro, karibu na makao ya mfalme Bweranyange, kilikuwa mlango wa misafara ya Buganda. Richard Burton na John Speke walipofika Kaze mwaka 1857 hawakumkuta. Alikuwa Karagwe kazini, na walionana naye waliporejea mwaka uliofuata.

Uzoefu huo ulimpa nguvu ambayo wageni wachache waliipata. Mfalme Ndagara alipofariki, katikati ya miaka ya 1850, wanawe Rumanyika na Rogero waligombea kiti. Musa alisimama upande wa Rumanyika. Alisaidia kwa silaha, na inasimuliwa kwamba alimpelekea Kabaka Suna wa Buganda pembe nyingi za ndovu ili naye amsaidie Rumanyika. Rumanyika akatawala. Wapo watakaomsifu Musa kwa werevu huo. Mimi naona hapo alivuka mpaka wa mgeni. Mtu anayekwenda nchi ya watu kutafuta riziki akianza kuchagua nani awatawale wenyeji, anacheza na moto ambao si yeye peke yake utakaemuunguza.

Aidha, hatuna haki ya kuisafisha historia kwa sababu tu mhusika ni Mwislamu mwenzetu. Nyumba ya Musa ilijaa watumwa, na utajiri wake ulisimama juu ya migongo yao. Naye mwenyewe alitawaliwa na kasumba. Burton aliandika kwamba vidonge vyake vilikuwa katika kila mfuko wa nguo na kila kona ya nyumba, kwa hofu ya kuishiwa. Mtu aliyemudu njia zote za bara alishindwa na kidonge. Vijana wetu wanaokwenda miji mikubwa ya ugenini wapweke, wakiwa na fedha kidogo mfukoni, walitafakari hilo.

Mwanzoni mwa mwaka 1861 Speke alirudi, safari hii na James Grant, akafikia kwa Musa huko Kaze. Musa alikubali kuwaongoza hadi Karagwe. Safari hiyo hakuijaaliwa, kwani mauti yalimkuta mwaka huo huo. Wageni wake waliendelea, na Novemba 1861 wakapokewa vizuri na Rumanyika.

Maisha ya Musa yanawajibu wazazi wa pande zote mbili. Anayemzuia mwanawe ajue kwamba ujuzi wa namna ile Musa asingeupata akiwa amekaa Surat. Anayemsukuma aende popote naye ajue kwamba Musa alikuwa na Sayyan. Kijana anayekabidhiwa kwa wakala asiyejulikana, hajui kazi wala mkataba, hajaenda kuchuma uzoefu. Ametupwa.

Sisi Waislamu tunao watu wetu wa Karagwe na Kyerwa walioko Dar es Salaam, Kampala na Ghuba, wenye maduka, ofisi na karakana. Wengi wanakumbukwa pale tu msikiti unapohitaji mabati. Waombwe pia kumpokea mhitimu mmoja mmoja kwa miezi sita au mwaka, wamfundishe kazi na wamchunge. Na mzazi, kabla hujatoa nauli, muulize mwanao anakwenda kwa nani na atajifunza kazi gani. Akikosa majibu, nauli ibaki nyumbani hadi atakapoyapata.